Namna ya Kusoma Bezo la Mapenzi na Uaminifu katika Mashairi ya Kimetafizikia

Msomaji anayekutana kwa mara ya kwanza na mashairi ya mapenzi ya John Donne, mshairi wa Uingereza, hukumbana na mgongano mkubwa. Katika ukurasa mmoja anasoma kwamba wapendanao wawili ni roho moja ambayo hata safari ya mbali haiwezi kuitenga, na katika ukurasa mwingine anaambiwa kwamba hakuna popote duniani mwanamke aliye mzuri na mwaminifu kwa wakati mmoja. Wengi huutatua mgongano huu kwa haraka mno: ama husema kwamba mshairi aliwachukia wanawake, wakafunga kitabu, ama husema kwamba alikuwa akitania tu, na kwa hiyo hakuna haja ya kulitilia uzito neno lake lolote. Njia zote mbili zinamnyima msomaji sehemu iliyo bora zaidi ya mashairi haya. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, yenye kazi zaidi: lisome kila shairi la bezo kama hoja inayotolewa na mtu fulani mbele ya mtu fulani, kisha uitafute kasoro iliyomo ndani ya hoja hiyo, kwa kuwa mara nyingi mshairi mwenyewe ameiacha wazi kwa makusudi.

Utahitaji matini kamili ya mashairi, kalamu, na subira ya kusoma kila shairi angalau mara mbili kwa sauti. Usitegemee muhtasari. Bezo la washairi hawa limo katika mpangilio wa hoja na katika mahali ambapo sentensi inageuka, na hayo ndiyo mambo ya kwanza kupotea mtu anapofupishiwa shairi.

Jina la kundi lenyewe linatusaidia kujua tutazame wapi. Washairi hawa wa Uingereza ya karne ya 17, ambao miongoni mwao ni Donne, George Herbert, Andrew Marvell, Henry Vaughan na Abraham Cowley, hawakujiita wanametafizikia. Mwaka 1693 mshairi na mhakiki John Dryden alilalamika kwamba Donne aliingiza metafizikia, yaani falsafa inayochunguza asili ya vitu, hata katika mashairi ya mapenzi, akazitatanisha akili za wanawake kwa falsafa mahali ambapo alipaswa kuzigusa nyoyo zao. Mwaka 1779 mhakiki Samuel Johnson, akiandika maisha ya Cowley, aliwashutumu kwamba walizifunga nira moja, kwa nguvu, fikra zisizo na udugu wowote. Ni lawama, lakini ni lawama za wasomaji makini, na zinaonyesha hasa kilicho kipya: mahali ambapo washairi wengine walisifu, hawa walijadiliana.

Anza na kile kinachobezwa

Huwezi kuielewa kebehi bila kukijua kitu inachokikebehi. Kwa karne mbili na zaidi kabla ya Donne, lugha ya mapenzi katika ushairi wa Ulaya ilifuata mfano wa Francesco Petrarca, Mwitaliano aliyeandika kwamba alimwona Laura kwa mara ya kwanza katika kanisa moja mjini Avignon tarehe 6 Aprili 1327, na ambaye mkusanyo wake una mashairi 366, mengi yakiwa juu ya mwanamke huyo ambaye hakumpata akiwa hai wala hakuacha kumwimbia baada ya kifo chake. Kutokana na mfano huo ilizaliwa desturi nzima. Mpenzi wa kiume huungua na kuganda kwa wakati mmoja. Mihemo yake ni dhoruba na machozi yake ni mafuriko. Macho ya bibi ni jua. Bibi ni mkatili kwa sababu ni msafi. Na dharau yake inaua. Nchini Uingereza desturi hiyo ilishika kasi hasa baada ya mfululizo wa Sir Philip Sidney, uitwao Astrophil and Stella, kuchapishwa mwaka 1591, miaka mitano baada ya kifo chake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika pembeni mwa ukurasa kila sitiari ya desturi hiyo unayoikuta, kisha ujiulize mshairi ameifanyia nini. Donne ana mbinu anayoipenda sana, nayo ni kuichukua chuku ya zamani na kuisoma neno kwa neno, kana kwamba ni taarifa ya kweli inayoweza kuchunguzwa. Katika ubeti wa pili wa "The Canonization", msemaji anauliza ni meli gani ya mfanyabiashara iliyozamishwa na mihemo yake, ni shamba la nani lililofurika kwa machozi yake, ni lini ubaridi wake ulichelewesha majira ya kuchipua, na ni lini joto lililomo katika mishipa yake liliongeza jina moja katika orodha ya waliokufa kwa tauni. Soma maswali hayo polepole. Kila swali linaitaja sitiari ya Petrarca na kuipeleka sokoni, shambani na katika orodha za wafu za London, ambako inaonekana haina uzito wowote. Hata hivyo shairi hilo haliyabezi mapenzi yenyewe, kwani linaishia kwa kuwafanya wapendanao hao wawili kuwa watakatifu. Kinachobezwa ni lugha iliyozoeleka ya mapenzi, na msomaji asiyeitenga lugha hiyo na mapenzi yenyewe atapotea tangu hapo.

Mfano mkali zaidi ni "The Apparition". Ikiwa dharau ya bibi inaua, basi bibi ni muuaji, na aliyeuawa ana haki ya kurudi akiwa mzimu. Msemaji anaanza kwa kumwita muuaji, kisha anamwelezea usiku ambao atamtokea kitandani: mshumaa unafifia, mwanamume aliyelala kando yake, ambaye ni wa hadhi ya chini kuliko msemaji, amechoka na anajifanya amelala akidhani anaombwa tendo zaidi, na mwanamke mwenyewe amelowa jasho baridi kama zebaki hadi anaonekana mzimu kuliko mzimu. Shairi zima lina mishororo 17 tu. Sasa itafute kasoro. Msemaji anadai mwishoni kwamba penzi lake limekwisha, lakini mtu ambaye penzi lake limekwisha hapangi kwa makini hivyo jinsi mshumaa utakavyofifia. Anakataa pia kusema leo maneno atakayoyasema usiku huo, kwa hofu kwamba yatamtisha mwanamke akabaki bila hatia, na anakiri waziwazi kwamba angependa ajute kwa uchungu kuliko abaki msafi. Huyu ni mtu anayedai kuumizwa na ukosefu wa uaminifu, na wakati huohuo anauhitaji ukosefu huo utokee ili alipize kisasi. Ukishauona mshono huu huwezi tena kulisoma shairi kama shutuma ya kawaida dhidi ya mwanamke.

Mtambue msemaji na wasikilizaji wake

Hatua ya pili ni kukataa kumwita msemaji "Donne". Katika maelezo yako andika "msemaji", na ushikilie jambo hilo hata pale linapoonekana kukuchelewesha. Sababu yake imo katika historia ya mashairi yenyewe. Donne, aliyezaliwa mwaka 1572, aliingia Lincoln's Inn jijini London mwaka 1592 kusomea sheria, na mashairi yake ya mapenzi yalisambazwa kwa hati za mkono miongoni mwa marafiki. Mkusanyo wa kwanza wa mashairi yake ulichapwa mwaka 1633, miaka miwili baada ya kifo chake. Wasomaji wa mwanzo wa hati hizo walikuwa vijana waliofundishwa kutetea upande wowote wa kesi kwa ustadi uleule. Donne mwenyewe aliandika vijitungo vya nathari vya aina hiyo, kimojawapo kikiwa ni utetezi wa kigeugeu cha wanawake, na hakuna mtu aliyetarajiwa kukisoma kama imani ya moyo wake. Walichokitazama wasomaji hao ni jinsi hoja ngumu inavyosukumwa, na walikuwa na masikio ya kutambua mahali ambapo inavunjika.

Haitoshi, hata hivyo, kusema kwamba ni mazoezi ya kisheria na kuishia hapo. Mtu anaweza kutetea upande wowote. Kwa nini anarudi mara kwa mara kwenye upande huu? Naliona swali hili kuwa la muhimu sana, na sidhani linajibiwa nje ya mashairi.

Lichukue "Woman's Constancy", ambalo kwa maoni yangu ndilo shairi bora la kujifunzia. Lina mishororo 17, na linaanza kwa kauli inayohesabu muda: sasa umenipenda siku moja nzima. Neno "nzima" ndilo linalobeba kebehi, kwa sababu linaitaja siku moja kana kwamba ni umri wa mtu. Kisha linakuja swali: kesho utakapoondoka, utasema nini? Msemaji hangoji jibu, anamtungia mwenzake visingizio, kimoja baada ya kingine, na kila kisingizio kimevaa joho la wakili. Je, utakirudisha nyuma kwa tarehe kiapo kipya, ili kionekane kilitangulia hiki chetu? Au utasema kwamba sisi si watu walewale tuliokuwa jana, hivyo mkataba hauwahusu watu wa leo? Au kwamba kiapo kilichotolewa kwa kuogopa ghadhabu ya mungu wa mapenzi hakimfungi aliyekitoa? Au kwamba, kwa kuwa kifo cha kweli huivunja ndoa ya kweli, na kwa kuwa mikataba ya wapenzi ni mfano tu wa ndoa, basi inavunjwa na usingizi, ambao ni mfano wa kifo? Au utajitetea kwamba uliazimia tangu mwanzo kuwa mwongo, na kwa hiyo njia pekee ya kuwa mkweli kwa nafsi yako ni kudanganya?

Simama kwenye kisingizio cha nne ukichunguze. Kimejengwa kwa ulinganifu kamili: ndoa kwa kifo, kama mkataba wa wapenzi kwa usingizi. Umbo lake halina dosari, na ukiipima hoja kwa umbo tu utalazimika kuikubali. Lakini kinachofuata ni kwamba kila penzi duniani linakwisha kila mtu anapolala. Hivi ndivyo bezo la kimetafizikia linavyofanya kazi likiwa katika ubora wake: mantiki inafuatwa kwa uaminifu kamili hadi inafika mahali ambapo uaminifu wa mtu kwa mtu hauwezekani tena.

Halafu soma mishororo minne ya mwisho. Msemaji anamwita mwenzake mwendawazimu asiye na maana, anasema kwamba angeweza kuvipinga visingizio hivi vyote na kushinda kama angetaka, na kwamba anajizuia, kwa kuwa ifikapo kesho huenda naye akawa na mawazo hayohayo. Kesi inafutwa na mlalamikaji mwenyewe. Visingizio vilikuwa vyake tangu mwanzo, kwani ni yeye aliyevitunga vyote. Mwenzake hakufungua kinywa. Chunguza pia kwamba ndani ya mishororo hiyo 17 hakuna neno linalotaja jinsia ya anayesema wala ya anayeambiwa. Ni kichwa cha shairi tu kinachotuelekeza kwa mwanamke, na kichwa hicho kinaweza kusomwa pia kama uthabiti ambao mwanamke anadai kuwa nao anapozungumza. Ukilisoma shairi mara ya pili ukimweka mwanamke kuwa msemaji, halivunjiki popote.

Kutokana na shairi hili unaweza kujijengea desturi moja ya kazi: kila mara soma mishororo miwili au mitatu ya mwisho peke yake, kabla hujaamua shairi linasema nini, kisha rudi mwanzoni ukiwa na mishororo hiyo akilini.

Jaribu hoja kwa kuitii

Shairi maarufu zaidi la aina hii ni "Song" linaloanza kwa amri ya kwenda kudaka kimondo. Lina beti tatu za mishororo tisa, na katika kila ubeti mshororo wa saba na wa nane ni mifupi ghafla, silabi mbili tu katika kila mmoja, kabla ya mshororo mrefu wa kufungia. Lisome kwa sauti na utasikia jinsi mishororo hiyo miwili inavyomzuia msomaji pumzi, kisha hukumu inashuka yote kwa mkupuo. Ubeti wa kwanza ni orodha ya mambo yasiyowezekana: daka kimondo, utie mimba mzizi wa tunguja, niambie miaka iliyopita iko wapi na ni nani aliyezipasua kwato za shetani, nifundishe kuwasikia nguva wakiimba. Kisha, katika mishororo ya mwisho ya ubeti huo, linatajwa jambo la mwisho lisilowezekana, nalo ni la aina tofauti kabisa: tafuta upepo unaoweza kumpeleka mbele mtu mwenye moyo mnyofu. Wasomaji wengi hulipita. Kabla mwanamke yeyote hajatajwa, shairi limekwisha kusema kwamba unyofu haumfikishi mtu popote katika dunia hii, na kauli hiyo inawahusu watu wote.

Katika ubeti wa pili msemaji anamwamuru msikilizaji asafiri siku 10,000 usiku na mchana, hadi mvi zimjae. Hesabu: ni miaka 27 na zaidi. Atakaporudi ataapa kwamba hakuna mahali anapoishi mwanamke mwaminifu aliye mzuri. Hadi hapa hoja inaonekana imefungwa, lakini ubeti wa tatu unaifungua tena. Ukimpata mmoja, anasema, nijulishe. Hija ya namna hiyo ingekuwa tamu. Neno la hija linatoka katika lugha ya ibada, na kwa mshororo mmoja msemaji anakiri kwamba bado kuna kitu ambacho angekipigia magoti. Mara moja anajizuia: hapana, usinijulishe, nisingekwenda hata kama angekuwa nyumba ya jirani, kwa maana hata kama alikuwa mwaminifu ulipokutana naye, na akadumu hivyo hadi ulipoandika barua, atakuwa amewasaliti wawili au watatu kabla sijafika.

Hapa ndipo unapoweza kuijaribu hoja kwa kuitii. Chukua kila sharti la msemaji na uone linaelekea wapi. Amemtuma mtu mwingine azunguke dunia kwa miaka 27, na yeye mwenyewe hataki kuvuka hadi kwa jirani. Hoja yake imepangwa ili isiweze kushindwa na ushahidi wowote, kwa kuwa ushahidi unapofika mlangoni anakataa kuutazama. Ni wazi kwamba anaogopa, na anachokiogopa ni kumpata mwanamke huyo kisha kumpoteza. Wapo wanaosema kwamba usomaji huu unampa msemaji huruma asiyostahili. Sikubaliani nao, kwa sababu hatumwondolei lawama. Tunaonyesha tu kwamba hukumu yake juu ya wanawake wote imetolewa na mtu aliyekataa kusikiliza shahidi pekee aliyeweza kuibatilisha.

Lugha ya dini

Msamiati wa imani unapoingia katika bezo, usiuchukulie kama pambo. Katika "The Indifferent", msemaji anajigamba kwamba anaweza kumpenda mwanamke yeyote, mweupe au maji ya kunde, tajiri au maskini, mradi tu asiwe mwaminifu, na anawalaumu wanawake wanaotaka kumfunga kwa uaminifu wao. Venus, mungu wa kike wa mapenzi, anausikia wimbo huo, anaapa kwamba hajawahi kuwa na habari za jambo hilo, anakwenda kuchunguza, na anarudi na taarifa: wapo wazushi maskini wawili au watatu wa dini ya mapenzi wanaojaribu kusimika uthabiti, ambao ni jambo la hatari. Adhabu yao ni kwamba watakuwa waaminifu kwa watu wasio waaminifu kwao.

Mshairi aliyeandika habari za wazushi na adhabu zao alikuwa amezaliwa katika familia ya Kikatoliki wakati ambapo kufuata imani hiyo nchini Uingereza kuliweza kumgharimu mtu mali, uhuru au uhai. Mwaka 1593 mdogo wake, Henry, alikamatwa kwa kumficha padri, akafia katika gereza la Newgate. Sidai kwamba shairi linamzungumzia Henry, na wala hakuna anayejua liliandikwa mwaka gani. Ninachosema ni kwamba kwa wasomaji wa kwanza maneno haya hayakuwa mepesi, na kwamba huenda wengi wao waliwafahamu watu walioteseka kwa kushikilia uaminifu ambao mamlaka yaliuita uzushi. Shairi linapougeuza uaminifu kuwa kosa la kidini, linagusa kidonda halisi. Na adhabu ya Venus, ukiitazama vizuri, ndiyo sentensi yenye huzuni kuliko zote katika shairi, kwa kuwa inakubali kwamba waaminifu wapo, na kwamba fungu lao ni kuumia.

Liweke kando yake "Confined Love", ambamo sheria ya kumpenda mtu mmoja inaelezwa kuwa ilibuniwa na mwanamume fulani asiyestahili, mwongo au dhaifu, aliyetaka kupunguza aibu yake kwa kuwamalizia wanawake hasira zake. Wasomaji wengi humsikia mwanamke katika sauti hiyo, ingawa kuna wanaobisha. Anauliza kama jua, mwezi na nyota vimekatazwa na sheria kutabasamu vinapopenda. Bezo ni lilelile, lakini safari hii mshtakiwa ni mwanamume, na mashairi haya mawili yakisomwa pamoja yanazuia kabisa dai kwamba bezo la Donne lina mlengwa mmoja.

Mahali ambapo kasoro haionekani

Njia hii haitafanikiwa kila mara, na ni bora kukubali hivyo kuliko kulazimisha. "Love's Alchemy" ni shairi ambalo siwezi kulipatia mlango wa kutokea. Msemaji anasema amependa, amepata na amehesabu, kwa mfuatano wa vitenzi vya mfanyabiashara, na hata angeendelea hivyo hadi uzeeni asingeifikia ile siri iliyofichika ambayo wengine wanadai wameichimbua. Wapenzi ni kama wanaalkemia, wale waliotafuta njia ya kugeuza metali kuwa dhahabu: hawajawahi kupata kile wanachokitafuta, lakini wakiambulia njiani kitu chenye harufu nzuri au kinachofaa kwa dawa, huisifu sufuria yao. Wanaota furaha ndefu na tajiri, wanapata usiku mmoja mfupi wa kiangazi, wenye baridi kama wa kipupwe. Shairi linaishia kwa kusema kwamba mtu asitarajie akili kwa wanawake, na kwamba hata walio bora, wakishapatikana, ni maiti iliyokaushwa, kitu ambacho zama hizo kiliuzwa madukani kama dawa.

Kwa shairi kama hili, eleza ukali wake bila kuupunguza. Unaweza kuonyesha kwamba linawashambulia pia wale wanaodai kwamba mapenzi yao ni muungano wa akili tupu, dai ambalo Donne mwenyewe analitukuza mahali pengine. Unaweza kuonyesha kwamba sitiari ya alkemia inamhukumu mtafutaji kuliko kinachotafutwa. Hayo ni kweli. Hayaifuti sentensi ya mwisho, na uchambuzi unaojaribu kuifuta unamvunjia heshima msomaji wa kike ambaye ameisoma vizuri tu.

Kwa Marvell kazi ni nyepesi kidogo, kwa sababu bezo lake limepangwa kwa uwazi. "To His Coy Mistress", lililochapwa mwaka 1681 baada ya kifo chake, lina sehemu tatu zinazofuata umbo la mantiki: kama tungekuwa na muda, lakini hatuna, kwa hiyo. Katika sehemu ya kwanza desturi ya kumsifu bibi kiungo kwa kiungo inawekewa ratiba: miaka 100 kwa macho na paji la uso, miaka 200 kwa kila titi, miaka 30,000 kwa sehemu zilizobaki. Sifa zinazopimwa kwa namna hiyo haziwezi tena kusomwa kama sifa tu. Katika sehemu ya pili funza wa kaburini wanaujaribu ubikira uliotunzwa muda mrefu, na heshima ya bibi inageuka vumbi. Hapa nakushauri uiulize hoja swali moja tu: ikiwa kaburi linaifanya heshima kuwa bure, kwa nini haliifanyi raha kuwa bure pia?

Igeuze njia hiyohiyo upande wa pili

Kuna kishawishi cha kuyapanga mashairi haya katika hadithi ya maisha: kijana mbezaji, kisha ndoa, kisha mashairi ya uaminifu. Ukweli wa maisha unakivutia kishawishi hicho, maana mwezi Desemba 1601 Donne alimwoa Anne More kwa siri, akapoteza kazi yake kwa Sir Thomas Egerton, akafungwa kwa muda, na akaishi miaka mingi katika dhiki. Lakini tarehe za mashairi mengi ya mapenzi hazijulikani, na katika mkusanyo yamechanganywa bila mpangilio wa wakati. Usijenge hoja juu ya ngazi ambayo hakuna anayeweza kuithibitisha.

Badala yake, chukua shairi la uaminifu na ulihoji kama ulivyolihoji shairi la bezo. "The Good-Morrow" linafaa kuliko yote. Katika beti tatu za mishororo saba, wapendanao wanaamka, wanajiuliza walikuwa wakifanya nini kabla hawajapendana, na wanaona chumba chao kidogo kimekuwa dunia nzima. Ni shairi la furaha ya kweli, na mimi sijui lingine linalolishinda katika kueleza mshangao wa asubuhi hiyo. Hata hivyo yapigie mstari mambo mawili. La kwanza liko mwishoni mwa ubeti wa kwanza, pale msemaji anapotaja kwamba kila uzuri aliouona zamani, akautamani na akaupata, ulikuwa ndoto tu ya huyu aliye naye sasa. Kitenzi cha kupata ni kilekile kinachotamkwa na msemaji wa "Love's Alchemy", na hapa anatamkiwa mwanamke aliyeamka kando yake. La pili liko katika mishororo mitatu ya mwisho. Kitu kinachokufa, anasema, ni kile ambacho viambato vyake havikuchanganywa kwa usawa, kanuni iliyotoka katika elimu ya maumbile ya zama zake. Kisha anahitimisha kwamba ikiwa mapenzi yetu mawili ni kitu kimoja, au ikiwa mimi na wewe tunapendana kwa usawa kiasi kwamba hakuna anayelegea, basi hakuna anayeweza kufa.

Lizungushie duara neno la sharti, kwa maana linatangulia kila ahadi iliyomo katika mishororo hiyo. Shairi lingeweza kumalizika kwa kiapo, na limemalizika kwa sharti ambalo watu wawili watalazimika kulitimiza kesho, siku ileile ambayo msemaji wa "Woman's Constancy" aliihofia. Ukilinganisha mashairi hayo mawili katika uchambuzi wako, anza na neno hilo la sharti katika moja na neno la kesho katika jingine, kisha onyesha kwa mishororo yenyewe jinsi kila msemaji anavyolikabili swali moja: penzi linaweza kudai nini juu ya siku ambayo bado haijafika.